Ametumwa

Jumapili moja jioni nilikuwa nimesimama dukani kwa Mangi, huku kwetu Tabata Kimanga, nasubiri chenji. Mbele yangu alikuwepo binti wa miaka tisa, kumi ukimzidishia, kashika ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko. Akaufunua. Ndani mna chupa mbili tupu za bia, zimelazwa juu ya kitambaa zisigongane.

"Shikamoo. Naomba mbili. Moja ya baridi, moja ya moto."

"Marahaba. Za nani?"

"Za baba."

"Baba yupi?"

"Wa geti jekundu."

"Mwambie ile hela ya juzi bado."

Mahojiano yakaishia hapo. Mangi akachukua tupu, akaweka mbili zilizojaa, akakitandaza kitambaa vizuri kama anamfunika mtoto mchanga, mfuniko ukarudi. Binti akaondoka huku ndoo ikimpigapiga pajani. Ungekutana naye njiani ungedhani ametoka kuchota maji. (Huyo mnywaji wa bia ya moto simwelewi, lakini kila nyumba ina wake.)

Kilichonikera ni kwamba siku moja kabla, baada ya jumuiya, tulibishana karibu saa nzima kuhusu umri wa kununua pombe. Mwenzetu mmoja alileta habari ya Kenya, kwamba Julai 2025 serikali yao ilitoa sera inayopendekeza umri upande kutoka miaka 18 hadi 21. Akasema na sisi tuige. Walionyamaza walinyamaza, waliocheka walicheka. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote kwamba ndiyo, iwe 21, hata 25 nisingelia. Nina sababu zangu na nitazieleza. Ila pale dukani, nikiitazama ndoo ile inaishia kwenye kona, nilijisikia kama mtu aliyebishania rangi ya mlango wa nyumba isiyo na mlango.

Maana sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, inakataza kumuuzia pombe, inakataza kumruhusu aingie baa. Tangazo lolote la bia linaisha kwa yale maneno yanayosomwa haraka haraka kwamba kinywaji hakiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kila mtu anayajua. Mangi anayajua, baba wa geti jekundu anayajua, na sitashangaa kama yule binti naye anaweza kukutamkia bila kukosea.

Mbele ya macho ya Mangi, hajamuuzia mtoto. Kamuuzia baba. Mtoto ni miguu tu. Kwetu mtoto hanunui, anatumwa, na haya ni mambo mawili ambayo sheria imeyaona kama moja. Unamtuma chumvi, unamtuma vocha, unamtuma mkaa wa mia tano, unamtuma bia. Mtoto asiyetumika ni mtoto aliyeharibika, na mama yake atasemwa mtaa mzima. Tumelelewa hivyo, na kwa mambo mengine yote naona ni malezi mazuri. Sasa leo mwenye duka akamuulize mtoto umri wake kwa lipi? Anauliza "za nani", na akijibiwa kwamba zina mwenyewe, dhamiri yake inatulia.

Mimi nimekulia upande wa pili wa hiyo kaunta. Baba alipopigwa redandansi mwaka 1993, mama alifungua grosari Tandika, chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga. Friji moja, mabenchi mawili, makreti ya kukalia wakizidi wateja, na nondo dirishani. Nilipoanza darasa la kwanza tuliambiwa twende na vizibo mia moja vya kuhesabia. Wenzangu walihangaika wiki nzima wakiokota vya soda. Mimi nilipeleka karibu mia tatu, vyote vya bia, na mwalimu akachukua vilivyozidi akawagawia wasionavyo. Nusu ya darasa lile ilijifunza kujumlisha kwa vizibo vya Safari kutoka grosari ya mama, na hakuna mzazi aliyekuja kulalamika.

Nilijua kufungua chupa kabla sijajua kugawanya. Nilijua mteja gani anataka glasi na gani hataki, nani ana deni, na nani akifika ya nne anaanza kulia. Wateja walinipenda. "Binti, hebu tuletee." Waliniita mchumba, mama akawakaripia, wakacheka, wakaendelea. Nayasema haya bila kumlaumu mama. Grosari ile ndiyo iliyotusomesha.

Ila kulikuwa na mdogo wangu wa kiume. Kazi yake ilikuwa kukusanya chupa tupu na kuzipanga kwenye makreti nyuma ya nyumba. Chupa ya mlevi hairudi tupu kabisa, huwa mna kidole kimoja au viwili vimebaki chini. Akiwa na miaka kumi na mbili hivi alianza kuyamimina yale mabaki kwenye kikombe cha plastiki cha bluu, bia ya kila aina humo humo, na akiwa amekijaza anakaa juu ya kreti anakunywa taratibu kama mzee. Nilimwona. Nilimwambia nitamsema kwa mama, akaniambia na yeye atasema mimi nilivunja glasi, basi tukawa tumemalizana. Wateja nao walimwona. Mmoja, fundi seremala, mtu mzuri tu, aliwahi kumpa chupa yake amalizie: "Mwache aonje, mtoto wa kiume huyo."

Leo mdogo wangu ana miaka thelathini na kitu. Anapiga debe stendi, siku anazoweza. Akija kwangu asubuhi namwekea chai kwenye bakuli pamoja na kijiko, kwa sababu kikombe hawezi kukifikisha mdomoni bila kumwagika, mikono inamtetemeka mpaka apate ya kutuliza. Anachota chai kwa kijiko kama mtu anayekunywa uji, na watoto wangu wameshazoea. Mama aliifunga grosari mwaka 2006. Hajawahi kulizungumza suala hili moja kwa moja, ila siku moja tukiwa tunachambua mchele alisema tu, "Yule nilimlea juu ya makreti," akaendelea kuchambua.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kupaza sauti kwenye jumuiya. Nikimkumbuka mdogo wangu nataka namba kubwa, namba yoyote, ukuta mrefu. Baadaye, pale kwa Mangi, ndipo nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mapema. Mdogo wangu hakununua hata chupa moja ya pombe mpaka alipopita miaka ishirini. Hakuwa na hela ya kununulia, na hakuhitaji. Tungekuwa na sheria ya miaka 21 wakati ule, au ya miaka 40, isingemgusa popote.

Wanaotaka 21 hutolea mfano Marekani, na mfano ule una uzito wake, lakini lazima uelezwe wote. Mwaka 1971 Wamarekani walishusha umri wa kupiga kura kuwa 18, na majimbo mengi yakashusha na umri wa pombe yakifuata mkumbo huo. Wenye miaka 18 wakaanza kuendesha magari kutoka jimbo linalowakataza kwenda jimbo linalowaruhusu, wakinywa huko na kurudi usiku, na wengi waliishia barabarani. Mwaka 1980 mama mmoja wa California, Candy Lightner, ambaye binti yake aliuawa na dereva mlevi, akaanzisha chama cha akina mama wa kupinga ulevi barabarani. Mwaka 1984 Rais Reagan akasaini sheria iliyoyaambia majimbo: asiyepandisha umri kufika 21 anakatwa sehemu ya fedha za barabara. Kufika 1988 yote yalikuwa yamepandisha. Mamlaka yao ya usalama barabarani inakadiria kwamba tangu 1975 sheria za miaka 21 zimeokoa maisha ya zaidi ya watu 30,000.

Ni wengi sana hao. Ila angalia walichokuwa nacho. Kijana wa miaka 18 ana gari, kwa hiyo ana leseni, kwa hiyo ana kitambulisho chenye picha na tarehe ya kuzaliwa mfukoni muda wote. Na muuzaji anaogopa kupoteza leseni yake ya biashara kuliko anavyoogopa kumuudhi mteja. Namba 21 ilipofika ilikuta mtu kaunta anayeuliza. Sisi tungeipeleka kwa nani?

Afrika hatujaanza leo kulifikiria hili. Ethiopia walipandisha kutoka 18 hadi 21 mwaka 2019, na katika sheria hiyo hiyo wakaondoa matangazo ya pombe redioni na kwenye televisheni. Hilo la matangazo nalipenda zaidi kuliko namba yenyewe. Afrika Kusini umri ni 18, na Juni 2022 vijana 21 walikufa usiku mmoja ndani ya baa mjini East London, wengi wao hawajafika hata hiyo 18. Sheria haikuwa na kasoro ya umri. Mlangoni tu ndipo hapakuwa na aliyeuliza.

Halafu hebu tutazame namba zetu nyingine. Katiba inamruhusu Mtanzania kugombea ubunge akifika miaka 21. Kijana wa miaka 20 na miezi kumi na moja angekatazwa bia moja, asubiri mwezi, kisha siku hiyo hiyo anunue kreti na kuchukua fomu. Kupiga kura ni 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliandikwa ikiruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi alipokwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu vile vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Kwa hiyo tuna nchi ambayo ilimwona binti yule anafaa kuwa mke kabla ya kufaa kushika chupa. Sisemi tuache kuweka umri. Nasema namba zetu hazijawahi kukaa meza moja zikazungumza.

Kuna kitu kimoja nimekiona kwa macho yangu kikifanya kazi, na hakikuwa na umri ndani yake. Viroba.

Mnavikumbuka? Pombe kali ndani ya paketi ya plastiki, unang'ata kona, unavuta, unatupa. Mia tano ilitosha. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi mjini, napanda daladala saa kumi na mbili kasoro asubuhi, na konda ananipokea nauli mdomo unanuka tayari. Vijana wa bodaboda walivitia mfuko wa koti. Mvua ikinyesha, mitaro ya Buguruni inaelea paketi tupu kuliko majani. Na wanafunzi walivificha kwenye soksi. Soksi! Chupa huwezi kuificha kwenye soksi, na chupa inapiga kelele ikigonga dawati. Kiroba hakina sauti.

Februari 2017 Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza, na tarehe 1 Machi vikapigwa marufuku. Kulikuwa na kelele, wenye mizigo ghalani walilia, na kwa miezi kadhaa vikauzwa chini ya meza kwa bei ya kuruka. Baadaye vikaja vichupa vidogo, na leo ukipita kwenye vibanda utaviona vimepangwa pembeni ya pipi. Kwa hiyo siwadanganyi kwamba pombe kali ilikwisha. Lakini mtoto mwenye mia tano aliondolewa sokoni siku ile, na hakuna aliyehitaji kumuuliza kitambulisho. Umri wa kweli wa kununua pombe Dar es Salaam ni kiasi cha hela kilichomo mfukoni mwako. Ukitaka kupandisha umri, pandisha hicho. Ukubwa wa chupa na bei yake vinafika mpaka kibanda cha mwisho Chamazi. Ofisa wa kukagua vitambulisho hafiki.

(Na kuna gongo na mnazi, ambavyo havina lebo wala leseni, wala huyo wa kumuuliza mtu umri. Yeyote anayekuja na namba 21 anieleze kwanza atamwandikia nani barua kule.)

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza chuoni. Mwaka jana alirudi kutoka kwenye sherehe ya rafiki yake saa nane usiku, akapita sebuleni kwa hatua za mtu anayejitahidi kutembea vizuri. Nikamwacha alale. Asubuhi nikamkalisha.

"Umeanza lini?"

"Mama, mimi siyo mtoto. Nina kitambulisho cha Taifa."

"Sijauliza kitambulisho. Umeanza lini?"

Akanyamaza, akasugua macho. "Kidato cha nne."

Kidato cha nne alikuwa na miaka kumi na sita. Nikamuuliza ni baa gani iliyomuuzia, damu ikinichemka, nikijiona tayari nimesimama kwa mwenyekiti wa mtaa na malalamiko yangu. Akacheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayemhurumia mama yake.

"Mama. Zote."

"Hakuna hata siku moja waliyokuuliza umri?"

"Waliniuliza nalipa kwa simu au keshi."

Nimeliwaza jibu lile mara nyingi. Nilidhani nimemtoa mbali na makreti ya Tandika. Nimemweka kwenye nyumba isiyo na pombe siku za kazi, nimemwonyesha mjomba wake na bakuli lake la chai. Vilisaidia kiasi, nadhani; anakunywa kidogo, na hilo namwamini. Ila sasa nikisikia madaktari wakisema ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, au nikisoma takwimu ya Shirika la Afya Duniani kwamba pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 mwaka 2019, namwona yeye kwenye kiti kile cha sebuleni akisugua macho. Kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa wanaosema 21 ni upuuzi. Kwa pombe kali ningeipitisha leo. Kwa bia nasita, kwa sababu ya yule mgombea ubunge wangu na kreti lake. Lakini yote mawili ningeyaweka nyuma ya swali la kaunta.

Nilimuuliza Mangi. Si kwa ugomvi, tunaheshimiana, ananikopesha mpaka tarehe thelathini. Nikamwambia, hivi wale watoto wa chupa huwezi kuwarudisha? Akaegemea friji.

"Mama, nikimrudisha mtoto, baba yake atakasirika. Atamtuma kwa yule wa kona. Hatua thelathini tu. Na kesho sukari atanunua huko huko, na mchele, na luku."

"Na wote mkikataa?"

"Wote tukikataa, sawa. Lakini nani aanze?"

Ni hesabu, na siwezi kumwambia amekosea. Mkate unamwachia faida ya senti; bia ndiyo inayolipa pango. Kwenye mkutano wa serikali ya mtaa nikainuka, nikapendekeza maduka yetu yote yakubaliane kutompokea mtoto mwenye chupa, mzazi aje mwenyewe. Mwenyekiti akasema ni wazo zuri sana. Mjumbe mmoja akauliza, je, kama mzazi anaumwa? Mwingine akauliza, anayeumwa anakunywa bia ya nini? Watu wakacheka, tukalijadili dakika tano, kisha tukarudi kwenye ada ya taka, ambayo ilituchukua saa mbili.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na wageni. Shemeji zangu wawili na mama mdogo kutoka Morogoro. Wali umeiva, kuku yuko mezani, mpira unaanza. Shemeji mkubwa akachungulia chini ya meza, akaona soda tu.

"Shemeji, si umtume mtoto?"

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Kabla sijajibu, alikuwa keshasimama, keshavaa ndala, na anaingia jikoni kutafuta ndoo. Hakuna aliyemfundisha kwamba chupa hubebwa kwenye ndoo. Sijui aliona wapi. Mimi na mume wangu tukinunua huwa tunapitia wenyewe na gari, kwa hiyo nilikuwa najiambia siku zote kwamba ndoo ni mambo ya geti jekundu.

Nikamwambia akae, ale. Nikachukua chupa tupu nne kwenye mfuko, zikagongana njia nzima, na majirani waliokaa vibarazani wakanisalimu mmoja mmoja huku wakiangalia mfuko. Mama wa nyumba ya pili akauliza kama kuna sherehe.

Mangi aliponiona akaacha kuhesabu hela.

"Mama, leo umekuja mwenyewe? Mtoto anaumwa?"

"Mzima. Yuko nyumbani anakula."

Akazitazama chupa, akanitazama mimi, akafungua friji.

"Za baridi zote?"